Tukimkumbuka Mkapa tusisahau bima, na mkulima wa korosho

Mhariri, habari za kazi.

Kila ikifika Julai 24, siku aliyofariki 2020, watu wanamkumbuka mzee Mkapa, rais wetu wa tatu, na maneno karibu yote ni ubinafsishaji, kuuzwa benki ya NBC, uwazi na ukweli, basi. Mi naona kuna kitu kikubwa kinasahaulika, nacho ni kadi ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambayo kila mtumishi wa serikali anatembea nayo kwenye waleti. Sheria ya ule mfuko ni ya 1999, kazi ikaanza 2001, yeye akiwa Ikulu. Mtumishi anakatwa 3% mwajiri anaweka 3%, anatibiwa yeye na mwenza wake na wategemezi wanne. Na tukumbuke hali ilivyokuwa, toka 1993 hospitali za serikali zilishaanza kuchangisha, watu tuliozoea matibabu ya bure enzi za Mwalimu Nyerere tukaanza kudaiwa hela dirishani, sasa mwalimu wa shule ya msingi mkewe anatakiwa operesheni katikati ya mwezi angezitoa wapi? Ile kadi imeokoa watu wengi jamani.

Ila makato yanamfaa mwenye mshahara. Kwetu wakulima ikaja CHF, mfuko wa afya ya jamii, ilijaribiwa Igunga 1996 ikapata sheria yake 2001, kaya inachangia kidogo kwa mwaka na serikali inaongeza kiasi hichohicho, ndo ile tele kwa tele. Wazo zuri kabisa, lakini mtu analipa, anafika zahanati anaambiwa dawa hamna kanunue duka la dawa, mwakani atalipa tena kwa lipi? Hata ilipoboreshwa, elfu 30 kaya ya watu sita, huku kwetu nimeendelea kusikia kilio kilekile.

Mkapa alizaliwa hukuhuku, Lupaso, Masasi, 1938. Kasoma Pugu na Makerere, akawa mhariri wa magazeti ya Uhuru na Daily News kabla hajaingia kwenye siasa. Alivyotoka madarakani 2005 hakukaa kimya, mwaka uliofuata akaanzisha taasisi ambayo imepeleka waganga na manesi kwenye wilaya za pembezoni, na mi hilo namheshimu nalo kuliko mengi aliyofanya akiwa rais, maana kadi haina kazi kama kituo hakina nesi.

Sasa sheria ya bima ya afya kwa wote imeshapita toka 2023. Swali langu ni moja tu, mkulima wa korosho anachangia lini? Hela anaiona mara moja kwa mwaka, minada ikianza mwezi wa kumi, inapita AMCOS, chama chao cha ushirika cha msingi, ndo imfikie. Ukimfuata mwezi wa tatu hana kitu, hata umtishe vipi. Napendekeza mchango ukatwe palepale AMCOS baada ya mnada. Najua makato kwenye korosho yameshakuwa mengi na wakulima wamechoka, ndo maana nasema akatwe kwa ridhaa yake na siku hiyohiyo apewe kadi yenye majina ya familia yake, siyo risiti na ahadi ya kurudi wiki ijayo. Na zahanati ya kijiji chake ibandike ukutani dawa zilizopo kila mwezi, aone hela yake imeenda wapi.

Wizara ya Afya na ya Kilimo wakae na vyama vya ushirika Mtwara na Lindi walipange hili kabla mnada wa kwanza haujafunguliwa.

Msomaji wako,
Masasi