Asante, Mzee wa Mshipi

Mzee wangu wa kofia ya kijivu, sikuwahi kukuuliza jina. Ulipoondoka, fundi wa studio alikuwa ameshanihimiza turudie wimbo.

Siku ile pale River Road, Nairobi, uzi wa nyatiti, kinubi cha Waluo, ulikatika tukiwa katikati ya kurekodi. Nyatiti ina nyuzi nane, na uliokatika ndio uliobeba wimbo wa kwetu Siaya. Wewe ulikuwa kwenye ngazi, unamngoja mtu wako tu. Ukashuka barabarani, ukarudi na mshipi wa nailoni, huu wa kuvulia samaki, ukaufunga na kuukaza mpaka ukalia sawasawa. Zamani ilikuwa kano za ng'ombe, ulisema, lakini nailoni nayo haina dhambi. (Mwalimu wangu angebisha!) Kisha ukanionyesha namna ya kugonga mti wa ala kwa pete ya kidole gumba cha mguu, taratibu kuliko nilivyozoea. Mdundo huo ndio unaofungua albamu yangu.

Pesa ulikataa, hata ya chai. Asante sana, Mzee. Nakala yako iko kwa mama wa chapati pale chini. Mwambie wewe ndiye wa mshipi, atakupa.