Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: kwanini ni treni tu inayoulizwa faida?

Mheshimiwa Waziri, salaam.

Nakuandikia hadharani manake jambo lenyewe ni pesa ya umma. Kila msimu wa bajeti ukifika nasikia maneno yaleyale, treni za abiria zinakula ruzuku, hazijiendeshi, zinaleta hasara. Haya, sawa. Ila mheshimiwa, ushawahi kumsikia mtu akisimama bungeni akasema barabara fulani imepata hasara mwaka huu? Mi sijawahi. Barabara ikijengwa tunaambiwa ni uwekezaji, kiwanja cha ndege kikipanuliwa ni maendeleo, reli ikiomba mabehewa mapya ndo inageuka mzigo kwa mlipakodi, wakati pesa inatoka hazina ileile.

Najua jibu linalokuja, kwamba wenye magari wanajilipia kupitia kodi ya mafuta. Hebu tuangalie Marekani, nchi ya magari kuliko zote. Kodi ya serikali kuu kwenye petroli ni senti 18.4 kwa galoni na haijapandishwa tangu 1993, bei za vitu vyote zimepanda ila hiyo imekaa palepale, matokeo yake mfuko wa barabara ukaanza kukauka na kuanzia 2008 bunge lao limekuwa likichota kwenye hazina kuu kuuziba, na jumla imeshapita dola bilioni 200. Hizo ni kodi za watu wote, pamoja na asiyemiliki hata baiskeli. Alafu nchi hiyohiyo kampuni yao ya treni za abiria, Amtrak, iliyoanza kazi 1971, miaka yote inabishaniwa kama istahili hata kuwepo.

Na barabara haziharibiwi sawa na kila mtu. Kuna jaribio kubwa la lami lilifanyika Illinois mwishoni mwa miaka ya 1950, wakaendesha magari ya uzito tofauti kwenye barabara maalum mpaka zikachakaa, wakagundua ukizidisha mara mbili mzigo wa ekseli (ule mhimili unaoshika magurudumu) uharibifu unaongezeka kama mara 16. Sasa mheshimiwa niambie ni lori gani linalipa mara 16? Hakuna, tofauti tunaibeba wote, kimyakimya, na haiitwi ruzuku. Wakati huo shirika la reli sehemu nyingi linabebeshwa njia yake lenyewe, madaraja, mataruma, taa za ishara, uzio, mpaka makutano na barabara, vyote vinarundikwa kwenye hesabu zake, mwisho wa mwaka tunasema limeshindwa biashara. Kampuni ya mabasi ingeambiwa itengeneze na lami yake ingedumu miezi mingapi?

Ndege nazo. Tangu mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga uliosainiwa Chicago 1944 na makubaliano ya nchi kwa nchi yaliyofuata, mafuta ya safari za kimataifa kwa kawaida hayatozwi kodi. Mashirika yakiyumba yanaokolewa, baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Septemba 2001 Marekani iliyapa yake dola bilioni 5 taslimu na dhamana ya mikopo hadi bilioni 10. Silaumu kuokolewa, watu walikuwa na ajira zao pale. Nachouliza ni kwanini treni ikiomba sehemu ndogo ya hiyo tunaitafutia sababu ya kuifunga.

Kufunga ni rahisi, kurudisha ndo balaa. Uingereza mwaka 1963 ripoti ya Beeching, mkuu wa shirika la reli la huko, ilipendekeza kufungwa stesheni zaidi ya 2,000 kwa hoja hiihii ya hasara. Njia mojawapo ya kutoka Edinburgh kwenda kusini ikafungwa 1969, ardhi ikauzwa, vitu vikajengwa juu yake, baadaye ikabidi wajenge upya kipande chake kwa mamia ya mamilioni ya pauni, kikafunguliwa 2015. Japani walienda kinyume, wakakopa dola milioni 80 Benki ya Dunia kusaidia kujenga Shinkansen, treni ya mwendo kasi, ya Tokyo mpaka Osaka, ikafunguliwa 1964, deni likaisha 1981, na mpaka leo hakuna abiria aliyekufa kwa treni hizo kugongana au kuacha njia. Barabarani dunia nzima wanakufa watu kama milioni 1.19 kwa mwaka kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani (WHO). Matibabu ya walioumia, yatima, vilema vya maisha, hiyo gharama ipo kwenye fungu gani la barabara? Haipo, mheshimiwa. Inalipwa hospitali na inalipwa majumbani, na hili ndo linaloniuma kuliko yote.

Sisemi barabara zisijengwe, treni haiwezi kufika kila mlango, na sehemu zenye watu wachache basi zuri linatosha kabisa. Wala sitaki stesheni ya vioo ya kukatia utepe huku treni zinachelewa masaa manne kwa kukosa spea.

Ninachoomba ni hiki. Kwenye bajeti ijayo weka jedwali moja, ukurasa mmoja tu: barabara, anga na reli, kila moja imepewa kiasi gani toka hazina, imesamehewa kodi kiasi gani, watumiaji wake wamelipa kiasi gani na ajali zake zimetugharimu kiasi gani. Lisomwe bungeni kabla hujagusa fungu la treni za abiria.

Wako,
Abiria wa daraja la tatu