Barua ya wazi kwa vijana wa kompyuta mnaofundisha bila nambari ya TSC

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliosomea sayansi ya kompyuta au teknolojia ya habari, mkahitimu, mkazikosa kazi mlizozitarajia Nairobi, na sasa mko katika maabara za shule za upili kwa mkataba wa bodi ya shule, si wa serikali. Nawajua. Wengine nimewafundisha mkiwa kidato cha tatu. Mkinipigia simu usiku, swali huwa ni lilelile: "Mwalimu, nina digrii, somo nalijua, na watoto wanapasi. Kuna haja gani ya kurudi chuoni kusomea ualimu?"

Haja ipo, na nataka niieleze bila kuzunguka.

Nianze na sheria, maana hiyo haina mjadala mrefu. Katiba ya 2010, kifungu cha 237, imeikabidhi Tume ya Huduma za Walimu (TSC) kazi ya kusajili walimu waliopata mafunzo ya ualimu. Sheria ya TSC ya mwaka 2012, kifungu cha 23, inamkataza mtu kuingia katika huduma ya ualimu kabla ya kusajiliwa. Haikuwaacha nje walimu wa kompyuta. Mwalimu mkuu anayekuchukua bila nambari ya usajili mara nyingi amebanwa: darasa lipo, mashine zipo, mwalimu hayupo. Namwelewa. Lakini mshahara wa bodi unategemea karo za wazazi, na karo zikichelewa wewe ndiye wa kwanza kuambiwa usubiri. TSC inapotangaza nafasi, hata zile za walimu tarajali, nambari ya usajili huulizwa mapema kabisa. Huna nambari, huna pa kuanzia.

Sasa masharti yenyewe. Kwa shule ya upili, njia ya kawaida ni shahada ya ualimu. Aliye na shahada nyingine, kama ninyi wa sayansi ya kompyuta, anatakiwa aongeze stashahada ya uzamili ya elimu, ile mnayoiita PGDE. Chuo Kikuu cha Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi ni miongoni mwa vilivyoitoa kwa miaka mingi. Juu ya hayo, TSC hurudi nyuma na kutazama cheti chako cha KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne: wastani wa C+, na C+ katika masomo mawili ya kufundishia. Mawili, si moja. Vyeti vya Cisco vya mitandao ya kompyuta ni vizuri na mmevitolea jasho, lakini havijazi pengo lolote kati ya haya.

Hapo kwenye masomo mawili ndipo wengi wanapokwama, na ndipo ninapowasihi msimame mfikiri kabla ya kulipa karo ya chuo. Binti mmoja niliyemfahamu alifundisha kompyuta kwa bidii, wanafunzi wakampenda, akajinyima akalipa PGDE yote. Alipopeleka maombi ya usajili ndipo akaambiwa alama yake ya somo la pili haitoshi. Hakuna aliyemwambia mapema: si chuo kilichopokea fedha zake, si shule iliyomwajiri. Kwa hiyo kitoeni cheti cha KCSE kwanza, mkitazame somo kwa somo. Wengi wenu mna hisabati na fizikia, au hisabati na biashara, na mko salama. Ambaye shule yake haikuwa na somo la kompyuta, aende ofisi ya TSC ya kaunti aulize masomo yake mawili yatahesabiwaje, na jibu alipate kwa maandishi. La mdomo halitakusaidia mbele ya karani mwingine.

Nitasema pia ninaloliamini, ingawa wapo wenzangu watakaolikataa. Kumpima mtu mzima aliyepata daraja la kwanza chuo kikuu kwa alama aliyoipata akiwa na miaka 18, katika shule isiyokuwa na mwalimu wa fizikia, ni kumwonea. TSC ina mamlaka ya kupitia viwango vya wanaoingia katika huduma hii, na ningependa ilitazame jambo hili upya kwa walimu wa kompyuta. Lakini sharti likiwa bado lipo, hulishindi kwa kulipuuza. Ambaye alama zimemwangusha na anafikiria kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi, asikae akingoja. Darasa la mwisho la mfumo wa zamani wa 8-4-4 linafanya KCSE mwaka 2027.

Tuje sasa kwenye mafunzo yenyewe, maana najua baadhi yenu mnayaona kama karatasi ya kuongezea karatasi.

Nimekaa nyuma ya madarasa mengi ya kompyuta, nikitazama vijana wenye akili kali wakifundisha. Mtoto ameandika programu ya kuchapisha nambari kutoka 1 hadi 10. Anaiendesha, inaishia 9. Anainua mkono. Mwalimu kijana anakuja, anatupa jicho kwenye skrini, kosa amelishaliona. Anainama, anachukua kipanya mkononi mwa mtoto, anaongeza alama ya usawa mahali panapotakiwa, programu inafika 10. "Umeona?" Mtoto anasema ndiyo. Juma linalofuata kosa ni lilelile, na mkono umeinuliwa tena.

Mwalimu aliyefunzwa hakigusi kipanya. Anaomba kalamu na karatasi, anachora jedwali, anamwambia mtoto aandike thamani ya kihesabio, ile nambari inayohesabu mizunguko, katika kila mzunguko: 1, 2, 3, mpaka 9. "Sasa kihesabio ni 10. Soma sharti lako. Je, 10 ni ndogo kuliko 10?" Mtoto ananyamaza, halafu anacheka, anarekebisha mwenyewe. Imechukua dakika nyingi zaidi, na wenzake wanangoja zamu, kwa sababu mashine ni chache na darasa limejaa. Kujua la kufanya na hao wanaongoja nayo ni elimu, na haimo katika shahada ya sayansi ya kompyuta. Imo katika mbinu za kufundisha, saikolojia ya elimu na mazoezi ya kufundisha, pale unapokuwa na mkufunzi nyuma ya darasa akiandika kila unalolikosea. Inauma, na inafaa.

Kuna na mradi. Mnajua mtihani wa Computer Studies wa KCSE una karatasi ya nadharia, karatasi ya vitendo, na mradi, karatasi ya 451/3, ambao mtahiniwa huufanyia kazi kwa muda mrefu: achanganue tatizo, aunde mfumo, aujaribu, auandikie maelezo. Nimewahi kupekua miradi ya darasa zima nikakuta mifumo ya zahanati iliyofanana rangi, ikafanana majedwali, hata neno lililokosewa herufi lilikosewa hivyohivyo kwa kila mtoto. Aliyewaandalia alikuwa mwalimu wao, kijana mwema kabisa, aliyedhani anawasaidia. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kwamba tathmini ni ahadi kati ya mwalimu, mtoto na nchi. Watoto wale walipata alama, lakini kuunda mfumo hawakujifunza. Na angebainika, wao ndio ambao matokeo yao yangefutwa.

Lipo jambo jingine ambalo halisemwi sana. Rejesta ya walimu pia ni kinga ya mtoto. Sheria ileile ya 2012 inairuhusu TSC kuliondoa jina la mwalimu aliyemdhulumu mwanafunzi, na orodha ya walioondolewa hutolewa hadharani ili asihamie shule nyingine akaanza upya. Asiyesajiliwa hana jina la kuondolewa. Mnapojisajili mnakubali kuwajibishwa, na mzazi anayewaachia binti yake katika maabara yenye mapazia yaliyofungwa ana haki ya kulidai hilo.

Najua kikwazo kikubwa ni fedha na muda. Huwezi kuacha kazi ya bodi mwaka mzima na una mdogo wako unayemlipia karo. Tafuteni chuo kinachofundisha wakati wa likizo za shule, mkiuliza kwanza kama chuo chenyewe na kozi hiyo vimeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Zungumzeni na bodi zenu. Zipo shule zilizokubali kumkopesha mwalimu sehemu ya karo ili zisimpoteze. Nanyi walimu wakuu mkiisoma barua hii, tafadhalini: kijana akiomba ruhusa ya kwenda mazoezi ya kufundisha, msimwambie akirudi atakuta nafasi imechukuliwa.

Na wakati huu ni mzuri kuliko miaka mingi iliyopita. Gredi 10 ya kwanza ya mtaala mpya iliingia sekondari pevu Januari 2026, na Computer Studies ni somo la kuchagua katika mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mtoto hawezi kulichagua pasipo na mwalimu wake. Watakaoajiriwa kwa kazi hiyo ni wenye nambari.

Mwisho, majina. Kwetu Pwani jambo hili limewasumbua wengi mno. Kitambulisho kinasema Mohamed, cheti cha KCSE kinasema Mohammed, digrii imeongeza jina la babu. Maombi ya usajili yanafanywa mtandaoni, na karani anayeyapitia hakujui. Anachoona ni hati zisizolingana. Mapema kabisa nendeni kwa wakili mkaapishwe kwa hati ya kiapo, mkamwonyeshe kila namna jina lenu lilivyoandikwa. Kisha kusanyeni vyeti na nakala za alama, kitambulisho, PIN ya kodi ya KRA, picha, fomu ya daktari, na cheti cha polisi cha mwenendo mwema, ambacho huchukua muda kutoka, kwa hivyo kiombeni kabla ya vingine.

Anayetaka kupitia karatasi zake nami, anitafute baada ya swala ya alasiri kama zamani. Aje na cheti cha KCSE, halisi, si picha ya simu.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa kompyuta na hisabati, Mombasa