Mpokee huyo kijana

Tanga, Januari 12

Ndugu yangu,

Salamu nyingi, na Mama mfikishie shikamoo yangu. Barua yako nimeipata. Unaniuliza kama umpokee huyo rafiki wa mwanao, ambaye baba yake kahamishiwa Songea naye kabakiza mwaka mmoja tu wa sekondari. Una wasiwasi kwamba mpira umemkaa kichwani kuliko vitabu. Basi nikusimulie habari za Mmarekani mmoja, Pat Haden, niliyekuwa nikimsoma wiki hii nzima.

Alizaliwa mwaka 1953. Akiwa sekondari ya Bishop Amat, California, alicheza futiboli ya kwao, ile ya mpira uliochongoka ncha mbili, akiwa kwotabeki, yaani yule anayeamua mpira uende wapi. Rafiki yake J.K. McKay ndiye aliyekuwa akimdakia. Walipofika mwaka wa mwisho, baba yake Haden akahamishwa kikazi kwenda kaskazini mwa jimbo. Wazazi wakaondoka, kijana akabaki akaishi kwa akina McKay. Mwenye nyumba, mzee John McKay, alikuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Southern California, na vijana wote wawili wakaenda kumchezea huko.

Sasa sikia. Januari 1, 1975, uwanja wa Rose Bowl, Pasadena. Wapinzani wao, Ohio State, wanaongoza 17 kwa 10, zimebaki kama dakika mbili. Haden akaurusha mpira yadi 38 hadi kwenye kona ya mwisho kabisa ya uwanja, na aliyeudaka ni nani kama si J.K.! Hizo ni pointi sita, ikawa 17 kwa 16. Kocha angeweza kuagiza mpira upigwe teke, wapate pointi moja, watoke sare. Hakutaka. Akataka mbili, kwa kuufikisha mpira tena mle eneo la mwisho. Haden akakimbia kando, akaurusha chini chini, Shelton Diggs akaudaka karibu na nyasi. 18 kwa 17! Kura ya makocha ikawapa ubingwa wa taifa, wa pili kwa Haden baada ya ule wa 1972. Tuzo ya mchezaji bora wa mechi wakagawana, yeye na J.K. Nilipofika hapo niliweka simu chini, nikakukumbuka wewe.

Na vitabu je? Alimaliza chuo kwa alama za juu sana, somo lake Kiingereza, akapata ufadhili wa Rhodes kwenda Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. (Fedha zile za Cecil Rhodes, yule mkoloni wa Kiingereza, zilitoka kwenye almasi ya kusini mwa bara letu, jambo linaloniuma kila nikilisikia.) Tangu 1976 hadi 1981 alichezea timu ya kulipwa, Los Angeles Rams, na miaka ya mwanzo msimu ukiisha alirudi Uingereza kusoma. Mwaka 1982 akapata shahada ya sheria pale Loyola, Los Angeles. Baadaye akatangaza mechi kwenye televisheni, akawa mbia katika kampuni ya uwekezaji, na kuanzia 2010 hadi 2016 akaongoza idara ya michezo ya chuo chake kilekile, kazi iliyomletea misukosuko mingi.

Sipendi nisiseme: haya yote yamenirudisha kwenu. Kidato cha nne, baba yangu alipohamishiwa Kigoma, Mama yako alinipokea, akasema, "Sufuria ni lile lile, tutaongeza maji." Unakumbuka alivyokuwa akiingia usiku kimyakimya na kugusa chemni ya taa? Ikiwa ya moto, alijua tumezima punde tu, tulikuwa tunasoma. Ikiwa baridi, asubuhi tungeulizwa. Nilifaulu ule mtihani kwa sababu ya mkono ule.

Mpokee, ndugu yangu. Mlaze na mwanao chumba kimoja, na mpira wachezee hapo uani. Pasaka nakuja, nitamletea viatu vya mpira. Niandikie anavaa namba ngapi.

Ni mimi nduguyo,
wa godoro la dirishani