Kwa makanisa ya sakiti yetu: kabla hatujaongeza shughuli nyingine

Wapendwa wachungaji, mawakili mnaotunza fedha na mali za kanisa, wahubiri wa mahali, viongozi wa madarasa, akina mama na akina baba, vijana na watoto wa makanisa yote ya sakiti,

Bwana asifiwe.

Kila kanisa la sakiti yetu, yaani kundi letu la makanisa ya Kimethodisti yanayohudumiwa na wachungaji wale wale, sasa lina ratiba ya mahubiri ya robo mpya pamoja na kalenda ya shughuli za pamoja. Habari zilizomo ni njema. Mchungaji mpya anakuja, naye tumemngoja kwa muda. Wahubiri wanafunzi wamemaliza masomo na watasikilizwa mimbarani. Vijana wana kambi yao. Makanisa mawili jirani, ambayo sote tunajua jinsi yalivyokuwa hayatazamani usoni, yatashiriki Meza ya Bwana pamoja. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote, ingawa imewekwa mwisho wa ukurasa.

Nimeipitia kalenda mara ya pili nikitafuta kitu kimoja, na sikukiona. Kuna tamasha la kwaya, semina ya wanandoa, siku ya akina mama, siku ya akina baba, changizo la paa, kambi, mkesha na ziara. Jumamosi zilizobaki wazi ni chache mno. Darasa, yaani kikundi kidogo cha washirika wanaokutana kila wiki na kiongozi wao, halimo. Hapakuandikwa popote kwamba wiki fulani ni ya madarasa, wala hakuna siku ambayo viongozi wa madarasa watakaa pamoja kupeana habari za watu wao. Ndiyo maana ninaandika, na ninaandika wazi ili jambo hili lisibaki mazungumzo ya wazee wachache baada ya ibada. Ombi langu ni kwamba tupunguze shughuli za robo hii, madarasa yapate nafasi ya kurudi.

Vijana wetu wengi hawajawahi kuketi katika darasa la Kimethodisti, kwa hiyo mniruhusu nieleze lilikotoka. Mwezi Februari mwaka 1742, kule Bristol, Uingereza, jamii ya watu wa John Wesley, kasisi aliyeanzisha Umethodisti, ilikuwa na deni la jengo lake la ibada. Walipokutana kulijadili, mtu mmoja, Kapteni Foy, alitoa shauri kwamba kila mshirika atoe peni moja kwa wiki. Mwingine akajibu kuwa wengi ni maskini, hawana hata hiyo. Foy akasema apewe watu kumi na mmoja, tena wale maskini kabisa. Atawapitia kila wiki. Mwenye kitu atatoa, na asiye na kitu, yeye Foy atamtolea kama anavyojitolea mwenyewe. Wengine wakakubali kufanya vivyo hivyo.

Angalieni kilichofuata. Wale waliokuwa wakizunguka kukusanya peni wakaanza kurudi na habari. Huyu ana ugomvi nyumbani. Yule amerudia ulevi. Wesley akatambua kwamba hicho ndicho alichokuwa akikikosa muda wote: mtu wa karibu anayejua roho ya mwenzake inaendeleaje. Kupita nyumba kwa nyumba kulipokuwa kugumu, wakaanza kukutana pamoja mara moja kwa wiki, kila kikundi na kiongozi wake. Changizo la jengo likazaa uangalizi wa watu. Sisi leo tuna machangizo mengi kuliko wao, na sijui ni mangapi kati ya hayo yamemfikisha mtu kwenye mlango wa mwenzake.

Hata hii robo mwaka tunayoifuata, ambayo sasa tunaijua kwa kumbukumbu za kikao na hesabu za mawakili, ilikuwa na kazi nyingine pamoja na hiyo. Kila baada ya miezi mitatu Wesley au msaidizi wake alikaa na madarasa, akauliza habari za mshirika mmoja mmoja, kisha akampa tiketi ndogo yenye jina lake. Bila tiketi hiyo mtu hakuingia kwenye karamu ya upendo, yaani mlo wa ibada wa washirika. Siwaombi turudishe tiketi. Ninauliza tu: mkutano wetu wa robo mwaka uliopita ulitumia muda gani kwa hesabu, na muda gani kwa majina ya watu? Waliokuwepo wanajua jibu.

Fikirini sakiti yenye makanisa mengi na wachungaji wachache, kama yetu. Mchungaji anafika kwenu Jumapili moja, kisha ratiba inampeleka kwingine, na mimbari inabaki kwa wahubiri wa mahali. Hivyo ndivyo Wamethodisti walivyojipanga tangu mwanzo, na mpango huo uliwezekana kwa sababu mchungaji alipoondoka, kiongozi wa darasa alibaki. Mkiondoa darasa mkaacha mzunguko wa wachungaji, mnabaki na watu wanaohubiriwa vizuri na wasiojulikana na yeyote. Mshirika anaweza kukosa ibada miezi miwili, na wa kwanza kugundua akawa mweka hazina, kwa sababu ahadi yake haijalipwa. Hilo linaniumiza kusema, lakini limetokea katika makanisa yetu zaidi ya moja.

Sasa nije kwenye habari, maana sakiti yetu inajivunia kwamba siku hizi habari hufika haraka. Ni kweli. Msiba ukitokea, simu zetu zote hulia kwa wakati mmoja, kila mtu anaandika pole, na ukifika nyumbani kwa mfiwa unakuta watu watatu. Naomba kiongozi wa darasa awe wa kwanza kupata habari ya mtu wake na wa kwanza kufika, ndipo tangazo litoke. Tena awe na kifua. Si kila habari ya mshirika ni ya kusomwa madhabahuni. Ugonjwa, kufutwa kazi, ndoa inayoyumba, mtoto aliyepotea njia, hayo yanasemwa kwa idhini ya mwenyewe tu, na kama hakutoa idhini, yanaombewa darasani au yanabaki kati ya kiongozi na mchungaji. Watu waliacha madarasa zamani kwa sababu ya midomo, wala tusijidanganye kwamba ilikuwa kwa sababu ya kukosa muda peke yake. Kiongozi asiyejua kutunza siri, mchungaji amwondoe kwa upole na mapema.

Matangazo ya Jumapili yenyewe yamekuwa marefu kupita somo la Biblia. Yafupisheni.

Kuhusu wahubiri wanafunzi, nina neno kwa makanisa yatakayowapokea. Msiwaogopeshe, na msikae nyumbani mkiona jina lao kwenye ratiba. Inasimuliwa kwamba kijana mmoja, Thomas Maxfield, alianza kuhubiri London wakati Wesley hayupo, na Wesley aliposikia akarudi mbio amkomeshe, kwa kuwa kijana hakuwa kasisi. Mama yake Wesley, Susanna, ndiye aliyemzuia. Alimwambia aangalie kwanza matunda ya mahubiri yale, kisha amsikilize kijana kwa masikio yake mwenyewe. Wesley akasikiliza, akamwachia, na mlango wa wahubiri walei ukafunguka. Kama mama yule angenyamaza, huenda wengi wetu tuliopanda mimbari bila kuwa wachungaji tusingepanda. Kwa hiyo, mama zangu, msikilizeni kijana, na akishuka mwambieni ukweli, wa kumjenga na wa kumrekebisha, lakini mwambieni pembeni. Nanyi wanafunzi, ukipangiwa kanisa dogo la mbali, fika. Ukishindwa, mtafute wa kukushika nafasi kabla ya Jumamosi jioni. Kanisa dogo likingoja mhubiri asiyetokea, huhisi limesahauliwa na sakiti nzima, na maumivu hayo hukaa muda mrefu.

Kambi ya vijana ninaiunga mkono kwa moyo wote. Nimeona tu kwamba programu imejaa wasemaji. Vijana, jina hili la Methodisti tunalobeba lilianza kama dhihaka kwa wanafunzi wa chuo. Kule Oxford, mwaka 1729, Charles Wesley, mdogo wake John, na rafiki zake walikuwa wakikutana kusoma, kuomba na kushiriki Meza ya Bwana kwa utaratibu uliowashangaza wenzao, na John akajiunga nao akawa kiongozi. Mwaka uliofuata mmoja wao, William Morgan, akawapeleka gerezani kuwaona wafungwa, nao wakaendelea kwenda. Walikuwa na umri wenu. Ningefurahi kama nusu ya siku moja ya kambi ingetolewa kwa wagonjwa, kwa wazee wasiotoka tena nyumbani, au kwa wafungwa, kwa ruhusa ya wakuu wa mahali hapo. Tena mrudi baada ya kambi. Kumtembelea mtu mara moja, mkapiga picha, mkapotea, ni kumwongezea upweke.

Tarehe 24 Mei itatukuta katikati ya robo hii. Kamati inapendekeza ibada ya pamoja, wimbo maalumu na hotuba juu ya historia. Mimi ningependa tuikumbuke siku hiyo kwa namna inayofanana na ilivyokuwa. Jioni ile ya mwaka 1738 Wesley hakuwa kwenye kusanyiko kubwa. Alikwenda bila hamu, kama alivyoandika mwenyewe, kwenye kikundi kidogo katika Mtaa wa Aldersgate, London, ambako mtu mmoja alikuwa akisoma utangulizi wa Luther kwa Waraka kwa Warumi. Ilikuwa yapata saa tatu kasorobo usiku alipohisi moyo wake umepata joto lisilo la kawaida, akajua kwamba Kristo amemwondolea dhambi zake yeye, naam, yeye mwenyewe. Alikuwa kasisi kwa miaka mingi, na bado alihitaji kikundi kile. Basi jioni ya tarehe hiyo kila darasa likutane katika nyumba ya mshirika mmoja, wasome Warumi, waombe, wasikilizane. Hotuba ya historia ingoje Jumapili.

Suala la fedha ni gumu, nami nitalisema moja kwa moja. Mgawo wa changizo la paa umewekwa sawa kwa makanisa yote. Kanisa la watu mia tatu na kanisa la watu ishirini na tano wametakiwa kiasi kile kile. Hao ishirini na tano watajikaza walipe, kwa sababu wanaona aibu kusomwa mwisho kwenye orodha, kisha watashindwa kumsafirisha mgonjwa wao. Foy alianza na maskini na akajifunga kuwalipia. Makanisa yetu makubwa yafanye vivyo hivyo, yapande juu ya mgawo wao yenyewe, bila kungoja kuombwa na bila kutangazwa. Mawakili wasome hesabu zote, za mapato na za matumizi, mbele ya washirika kila robo, hata pale ambapo hakuna aliyeuliza.

Najua nitaulizwa tupunguze kitu gani, maana kila shughuli ina mwenyewe. Nitasema ninavyoona. Tamasha la kwaya lisogezwe robo ijayo. Siku ya akina mama na siku ya akina baba ziunganishwe na semina ya wanandoa, ambayo kwa vyovyote inawahusu watu wale wale. Wajane na wasioolewa waalikwe kwa majina, wasiachwe wajiulize kama wanahusika. Ziara za makanisa makubwa kutembeleana zikome kwa sasa, na ziara zibaki za kwenda kwenye makanisa madogo. Jumamosi zitakazopatikana wapewe viongozi wa madarasa, wazunguke. Siwezi kuwaamulia, mkutano ndio wenye mamlaka. Lakini kama mtalikataa hili, mlikatae mkiwa mmelizungumza.

Kuna jambo lililo mbele zaidi, nalo linahitaji kuanza sasa. Jumapili ya kwanza ya mwaka tutasimama tena kwenye Ibada ya Agano na kumwambia Mungu kwamba sisi si wetu wenyewe ila wake, atuweke katika kazi anayotaka na pamoja na yeyote anayetaka. Wesley alipowaongoza watu wake katika ibada ya namna hiyo kule Spitalfields, Agosti 1755, walikusanyika watu wapatao 1,800. Lakini hakuwashtukiza. Kwa siku kadhaa kabla yake aliwaeleza maana ya jambo lile, na wengi wao wakafunga na kuomba. Sisi tumezoea kuingia kwenye agano lile tukitoka moja kwa moja kwenye pilikapilika za sikukuu, na maneno mazito namna ile yanapita mdomoni. Ningependa kila mshirika wa sakiti hii awe ametembelewa na kiongozi wa darasa lake kabla ya siku hiyo, na awe ameulizwa swali lile la zamani, nafsi yako inaendeleaje, na mtu mwenye subira ya kusikiliza jibu.

Ili hilo liwezekane, kila kiongozi wa darasa aje kwenye mkutano wa robo ujao na orodha ya watu wake: nani yupo, nani amehama, nani haonekani na tangu lini. Pale ambapo madarasa yamekufa kabisa, mawakili wagawe washirika upya kwa ukaribu wa makazi, watu kumi na wawili hivi kwa kila kiongozi, wasizidi sana. Wasitazame nani ni rafiki ya nani, wala nani anasoma zaidi ya nani. Kiongozi asichaguliwe kwa uwezo wake wa kuchanga. Achaguliwe kwa kuwa watu humwendea wakiwa na shida.

Mwisho, kwa ibada ile ya Meza ya Bwana ya makanisa mawili: washirika wenye magari wajiandikishe kwa wakili wa sakiti mapema, wawachukue wazee na wagonjwa wa pande zote mbili, na katika kila gari wachanganywe.

Wenu katika Kristo,
Mzee wenu, mhubiri wa mahali