Kazi zimekuwa nyingi kuliko mikono

Igogo, Mwanza

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka ziwani. Mama anakusalimu, watoto hawajambo. Uliuliza kwa nini siku hizi simu yangu inaita tu bila kupokelewa. Ni kazi za kuandika, shoga. Zimekuja zote kwa mpigo, na kuzichagua kumekuwa kazi nyingine. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu ipo sehemu inayokuhusu.

Unaikumbuka ile makala yangu ya dagaa na mbalamwezi. Sisi tuliokulia karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, tunajua dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa: mwanga unawavuta juu, nyavu zinawazoa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, mitumbwi inavutwa ufukweni, wavuvi wanashona nyavu. Nilimwandikia mnunuzi aliye mbali asiyejua hayo: giza linaanza lini, mzigo utapungua lini pale mwaloni Kirumba, na siku zipi asitume hela ya magunia. Kina mama wanaosafirisha dagaa mpaka Kongo wakarushiana WhatsApp, hadi nikaletewa na mtu nisiyemjua.

Tangu hapo sipumui. Hoteli moja ilitaka niisifie kila wiki. Niliwaambia nitaandika mara moja, nikishalala pale kwa hela yangu, wakanyamaza. Hilo limeisha.

Lililonikosesha usingizi ni la kampuni moja ya mikopo ya simu. Wanataka tangazo lao likae juu ya bei za dagaa ninazoziandika kila asubuhi, na kwa kweli hakuna anayelipa kama wao. Lakini fikiria mama anayefungua simu alfajiri, mtaji wake wote uko kwenye magunia, mwezi umewaka, mzigo hakuna. Anaona bei niliyoiandika mimi, na hapohapo anaambiwa akope. Atakopa kwa kuniamini mimi. Riba itahesabika kila siku, na dagaa hawatavuliwa mpaka giza lirudi. Nimewakatalia. Mume wangu alishangaa, nikamwambia wale kina mama ndio walionifikisha hapa, siwezi kuwauza.

Niliyoikubali ni ya shirika linalotaka mfululizo wa makala kuhusu kuanika dagaa kwenye chanja, yaani vichanja vilivyoinuliwa juu ya ardhi, badala ya mchangani. Hii naipenda kutoka moyoni. Nenda mwaloni uangalie mnunuzi mzoefu: anachota kiganja kimoja, anasugua taratibu, anafungua vidole kuona mchanga uliobaki, ananusa. Bei imeshashuka kabla hajafungua mdomo. Na masika ndiyo balaa, kwa sababu dagaa waliolowa mchangani huishia kuuzwa kwa watengeneza chakula cha kuku. Mama akiyajua haya vizuri, hela inabaki mkononi mwake. Nimewapa masharti: nusu ya malipo mbele, makala chache zenye kikomo, na neno la mwisho kwenye maandishi ni langu.

Wengi wananishauri niajiri vijana, nianze na bei za sangara na sato, hata mabondo, vile vifuko vya hewa vya samaki. Wananitakia mema, ila sangara wengi wanaishia viwandani na wasomaji wake ni watu wengine kabisa. Bei za dagaa zinataka mtu aliyesimama pale kunapambazuka, anayejua nani anasema kweli. Kwa hiyo malipo ya chanja yatamlipa binti mmoja wa Kirumba anayeijua mialo yote. Tukizoeana mwaka huu, mwakani tutaona.

Sasa lako. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 2025, watu hawaishi kuniuliza habari za njia ya Sengerema na Geita, na wenye nyumba za wageni kadhaa wako tayari kulipia mwongozo wa safari. Kazi ni nzuri na haina doa, lakini nikiichukua mimi, asubuhi za mwaloni zitakufa. Wewe njia hiyo ya Bukoba umeipita tangu enzi za foleni ya kivuko, na leo unavuka zile kilomita 3 za daraja basi likiwa halijapunguza hata mwendo. Meli unaijua pia. Na kalamu yako naijua tangu tukiwa shule. Inaniuma kuiona inaishia kwenye ripoti za ofisini.

Iandike wewe, kwa jina lako, na malipo yote yawe yako. Kama mlipaji ni kampuni, anaweza kukukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Dai cheti chake, utakihitaji ukifunga hesabu na TRA, mamlaka ya mapato. Kiasi wanachotaja nimekiandika upande wa pili wa karatasi hii. Mimi nakiona kidogo kwa safari zote hizo, kwa hiyo usikubali upesi. Niambie wewe ungetaka ngapi, na unipigie Jumapili mchana, maana Jumatatu wanakuja kusikia jibu.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Igogo