Tangi Lisioshwe Lote kwa Mara Moja

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa makini, hasa pale unapoeleza kwamba kila baada ya wiki mbili huwahamishia samaki kwenye beseni, ukamwaga maji yote, ukaosha changarawe chini ya bomba na kusugua kioo kwa sabuni, na bado baada ya siku mbili tatu unamkuta mmoja ameelea. Unauliza ni ugonjwa gani unaoweza kuwapata samaki wanaokaa kwenye maji masafi namna hiyo. Kwa maelezo uliyonipa, sioni dalili ya ugonjwa. Naona wanauawa na huo usafi wenyewe, na nitakueleza sababu kabla ya kukueleza la kufanya.

Samaki hutoa amonia, taka yenye sumu, kwa sehemu kubwa kupitia matamvua yake, na chakula kilichobaki chini kikioza huongeza amonia hiyo hiyo. Ziwani hutawanyika ikapotea, lakini katika tangi la lita 40 haina pa kwenda. Kinachowaokoa samaki wako ni bakteria wa makundi mawili: wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huizuia damu kubeba oksijeni, wa pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia mradi isizidi. Bakteria hawa ni wachache sana ndani ya maji yenyewe. Makao yao ni juu ya changarawe, kwenye mimea, kwenye kioo, na zaidi ya yote ndani ya sponji ya kichujio, ambamo maji yenye oksijeni hupita usiku na mchana. Tena huongezeka polepole mno, kiasi kwamba tangi jipya kwa kawaida huhitaji wiki 4 hadi 6 kabla ya kuwa nao wa kutosha. Sasa piga hesabu mwenyewe: wewe unalianzisha tangi upya kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo samaki wako hawajawahi kuishi katika tangi lililokomaa. Na kwa kuwa amonia haina rangi, maji hung'aa huku yakiwachoma matamvua.

Kwa hiyo acha kumwaga maji yote. Badilisha robo yake, au hata sehemu moja ya tano, mara moja kwa wiki, na samaki wabaki humo humo ndani. Kuwakimbiza kwa wavu huwatia hofu, na wavu huuchubua ule ute unaofunika magamba, ambao ndio ngao yao ya kwanza dhidi ya kuvu na vimelea. Ukisogeza mikono taratibu watajibanza pembeni wenyewe, na baada ya muda baadhi yao watakuja kukuchungulia.

Siku ya kazi, anza kwa kuchomoa umeme wa pampu na wa kipasha joto, tena kipasha joto ukiache dakika kama 15 kipoe kabla ya kupunguza maji, kwa sababu kioo chake kikibaki nje ya maji kikiwa cha moto hupasuka. Mikono ioshwe kwa maji matupu, bila sabuni wala losheni, na kama una kidonda chochote vaa glavu, kwani maji ya tangi huweza kuwa na vijidudu vinavyoingia kwenye ngozi. Kwangua kioo kwanza kwa sponji mpya isiyowahi kugusa sabuni, ili mwani unaobanduka uondoke pamoja na maji machafu. Ule unaoota kwenye mawe na mimea usihangaike kuumaliza, hauwadhuru samaki. Ukizidi, punguza muda wa kuwasha taa hadi saa 8 kwa siku na uliondoe tangi mahali linapopigwa na jua.

Kisha chukua mpira wa kunyonyea maji, ule wenye mdomo mpana, na uuchomeke ndani ya changarawe hadi karibu na sakafu ya tangi. Utaona changarawe zikipanda ndani ya mdomo huo, zikizunguka na kuanguka tena kwa uzito wake, huku uchafu wa kahawia ulio mwepesi ukivutwa juu kuelekea kwenye ndoo. Maji yakianza kupita meupe, bana mpira kidogo, inua, uchomeke pembeni yake. Usimalize sakafu yote siku moja: nusu wiki hii, nusu wiki ijayo. Maji yakishapungua kwa robo, simama, hata kama bado unaona uchafu.

Siku ya kuosha sponji ya kichujio, nyonya maji tu bila kuchokonoa changarawe, na ndoo ya maji hayo usiimwage upesi, kwa kuwa ndiyo utakayooshea sponji hiyo. Itumbukize na uikamue mara kadhaa hadi maji yapite tena kwa urahisi, basi. Itabaki na rangi ya udongo, na ndivyo inavyotakiwa. Ukiipeleka bombani, klorini, ile dawa ya kuua vijidudu inayotiwa kwenye maji, itawaua wale wale bakteria unaowahitaji. Fanya hivyo mara moja kwa mwezi, au mkondo wa kichujio unapopungua nguvu. Maelezo mengine ya kichujio humtaka mtu atupe sponji na kuweka mpya kila mwezi. Mimi naona hayo humfaa muuza sponji kuliko samaki.

Maji mapya ya bomba yatayarishwe kwenye ndoo ya pekee, isiyotumika kufulia wala kupigia deki. Klorini hupungua yakiachwa wazi siku moja au zaidi, lakini kama maji yenu yametiwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kuyaacha wazi hakutasaidia, hivyo ni salama zaidi kutumia dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Pima joto la maji hayo lilingane na la tangi, tofauti isizidi digrii moja au mbili, kisha yamimine polepole juu ya sahani ili yasifukue sakafu. Ndipo urudishe umeme.

Umeuliza pia kama ununue samaki mla uchafu ili akupunguzie kazi. Usinunue. Wapo wanaokula mwani na mabaki ya chakula, lakini hakuna anayeishi kwa kinyesi cha wenzake, na yeye naye atatoa amonia yake. Kupunguza chakula kutakusaidia zaidi: wape wanachomaliza ndani ya dakika mbili.

Kwa kuwa umeosha kila kitu juzi, mwezi huu utakuwa mgumu. Tafuta vipimo vya maji, na kila siku amonia au nitriti inapoonekana, badilisha sehemu moja ya tano ya maji. Zote mbili zinatakiwa zisome sifuri, na nitrati ibaki chini ya miligramu 40 kwa lita. Ukiwaona samaki wakihemea juu ya maji, badilisha siku hiyo hiyo bila kusubiri ratiba. Niandikie namba utakazozipata, pamoja na idadi ya samaki waliobaki na ukubwa wao, nikuambie kama tangi lenyewe linawatosha.

Wasalaam,
Rafiki yako